Kifurushi kimoja cha zana za ukaguzi kwa Ubuntu na Debian za miaka tofauti

Kompyuta tunazotumia hapa Mombasa hazikununuliwa siku moja. Zipo za mtumba zenye Ubuntu 20.04, zipo za 22.04 na 24.04, na seva za Debian 11 na 12. Zana yetu ya kukagua msimbo kabla haujaunganishwa, iitwayo kagua, ni programu ya Python yenye kisaidizi kidogo cha C kinacholinganisha mafaili. Nilitaka faili moja la .deb (kifurushi cha programu cha Debian na Ubuntu) lisakinishwe kote.

Kisaidizi ndicho kilichosumbua zaidi. Nilikijenga kwenye 22.04, na kwenye 20.04 kikakataa kuwaka: GLIBC_2.34 haipatikani. Toleo la 2.34 la glibc, maktaba ya msingi ya C kwenye Linux, liliingiza libpthread (maktaba ya nyuzi) ndani ya libc na kuipa __libc_start_main, inayoanzisha kila programu, alama mpya ya toleo, kwa hiyo hata programu ya mistari mitatu iliyojengwa juu yake haiendeki kwenye glibc 2.31. Kinyume chake hakina shida: kilichojengwa kwenye ya zamani huenda kwenye mpya. Sasa najenga ndani ya kontena (mfumo mdogo uliotengwa ndani ya kompyuta) la Ubuntu 20.04, ambalo glibc yake ni 2.31 sawa na ya Debian 11, kisha naendesha objdump -T, inayoorodhesha alama ambazo programu inazihitaji, na kutazama alama ya GLIBC iliyo kubwa kuliko zote. Ikipita 2.31, kifurushi hakitoki.

Kisaidizi hicho nimekizuia kugusa OpenSSL, maktaba ya usimbaji fiche. Maktaba hiyo huitwa libssl1.1 kwenye 20.04, libssl3 kwenye 22.04 na libssl3t64 kwenye 24.04. Kifurushi kimoja hakiwezi kuzifuata zote.

Upande wa Python nilianza na venv (mazingira ya Python yaliyotengwa) ndani ya /opt. Usiifuate njia hiyo. Venv hufungamana na lib/python3.8, na mtu akipandisha mfumo hadi 22.04, Python inakuwa 3.10 na maktaba zote hazionekani tena. Badala yake nazikusanya maktaba zisizo na sehemu ya C kwa pip install --target (pip ni zana ya kusakinisha maktaba za Python), naziweka /usr/lib/kagua, na kianzishi chenye #!/usr/bin/python3 kinaongeza njia hiyo kwenye sys.path. Kumwambia kila mtu aendeshe pip mwenyewe hakufai: Debian 12 na Ubuntu 24.04 hukataa pip kuandika kwenye Python ya mfumo.

Distutils, maktaba ya zamani ya Python ya kufungasha programu, iondoe kabisa. Python 3.12 haina tena, na 24.04 haina kifurushi cha python3-distutils, kwa hiyo ukikitaja kwenye Depends (orodha ya vitegemezi) usakinishaji unakwama papo hapo. Sisi tulikuwa tunaitumia kulinganisha namba za matoleo tu. Mistari kumi ya msimbo ilitosha.

Mtu akijenga upya kwenye 22.04, dpkg-deb hubana kwa zstd, na Debian 11 haiwezi kulifungua faili hilo. Kwa hiyo kwenye debian/rules, chini ya override_dh_builddeb, nimeandika dh_builddeb -- -Zxz, ili faili libanwe kwa xz badala ya zstd.

Ukilazimika kutoa vifurushi tofauti, usiweke majina ya matoleo kwenye namba. 1.6-1~bookworm (Debian 12) huhesabiwa ndogo kuliko 1.6-1~bullseye (Debian 11), kwa sababu herufi o hutangulia u, na apt itabaki na kile cha zamani baada ya mfumo kupandishwa. Andika ~deb11 na ~deb12, kisha hakikisha kwa dpkg --compare-versions.

Majaribio nayafanya kwenye kontena tano tupu. Nasakinisha kwa apt install ./kagua.deb, si dpkg -i, ili vitegemezi vivutwe vyenyewe. Bando lisiishe, apt-cacher-ng, inayohifadhi vifurushi vilivyokwisha kupakuliwa, imewekwa kwenye kompyuta moja ya ofisini, mlango 3142, na kontena zote zinapitia hapo. Baada ya kusakinisha naendesha ukaguzi kwenye hazina ndogo ya git, kisha naanza upya kwenye 20.04, nalipandisha kontena hilo hadi 22.04 kifurushi kikiwa ndani, na kuendesha ukaguzi uleule tena.