Siku moja maishani mwangu: mpiga picha wa kwanjula, Kawempe hadi Mityana

Wageni wa kwanjula, sherehe ya Waganda ambapo binti humtambulisha mchumba wake kwa wazazi, hutuona sisi wapiga picha jioni, tumesimama mbele ya hema kuu, muziki unapigwa na sahani za pilau zinapita. Wanadhani kazi ndiyo hiyo. Na tangu nihamie kwenye kamera isiyo na kioo ndani yake, nasikia maneno mapya: "Siku hizi kamera zinapiga zenyewe, wewe unabonyeza tu." Naandika Jumamosi yangu iliyopita jinsi ilivyokwenda, kwa ajili ya wanaosema hivyo.

Saa kumi na moja alfajiri. Niko macho, chumbani kwangu Kawempe, Kampala, nakagua mkoba. Betri nilizichaji tangu Alhamisi usiku, kwa maana umeme wa Ijumaa siuwekei dhamana, na kweli Ijumaa ulikatika tangu magharibi. Zamani sikuwa na wasiwasi huu. Canon 6D yangu, kamera ya kioo, ile iliyotoka mwaka 2012, kiwanda kilihesabu zaidi ya picha 1000 kwa chaji moja, na mimi nilikuwa napiga harusi nzima kwa betri moja na ya pili ikibaki mfukoni. Hii ya sasa isiyo na kioo, Canon R6, ukiitumia kwa kutazama kwenye kitundu chake, hesabu ya kiwanda haifiki 400. Sababu yake ni wazi: sensa, kile kipande kinachoshika picha, na skrini vinafanya kazi muda wote unapotazama, hata kama hujapiga picha yoyote. Shukrani zangu ni kwamba betri za 6D zinaingia humu humu, kwa hiyo sikuanza kununua upya.

Saa moja. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, amefika na roleksi mbili za moto, chapati za kukunja na mayai. Ndiye anayenibebea flashi na kitambaa cha kurudisha mwanga. Gari la kukodi, Busega, Bulenga, barabara ya Mityana. Nimelala njiani.

Saa tatu. Nyumbani kwa wazazi wa binti. Hema zimeshasimama, kitambaa cha manjano na cha zambarau. Nikaona manjano ile nikajua leo nyuso zote zitaomba msaada. Lakini kwanza chumba cha binti.

Kama kuna mahali kamera hii imenibadilishia kazi, ni chumba hiki. Ssenga, shangazi yake, anazungumza na binti, anamfunga mshipi wa gomesi, lile vazi la sherehe, mama mtu anaingia na kutoka, kuna machozi na kuna kicheko. Kamera ya kioo kila ukibonyeza inapiga kelele, kile kioo kinaruka juu na kushuka, na watu wakisikia tu wanajikaza, wanajipanga, machozi yanafutwa haraka. Sasa naweka shata ya kielektroniki, ambayo haisogezi kitu chochote ndani ya kamera, hakuna sauti hata moja. Nilikaa kwenye kona yangu na baada ya muda walinisahau. Mikono ya ssenga juu ya ule mshipi, nimeipata jinsi ilivyokuwa, bila mtu kuigiza.

Ukimya huo una upande wake wa pili. Nilipowapanga bibi wawili wa ukoo kwa picha ya kukaa, walishika pumzi, wakatulia, na wakaendelea kutulia. Mimi nimeshapiga, wao bado wanasubiri. "Nnyabo, umeshapiga?" Kwa wazee sasa narudisha shata ya kawaida ili waisikie. Mzee akisikia ile sauti anajua ametendewa kazi yake, anapumua, anatabasamu, na lile tabasamu la baada ndilo ninalolichukua.

Saa sita. Saa iliyoandikwa kwenye kadi. Bwana harusi anatoka Bombo, watu wake ni Wanubi, na msafara wao uko Bypass kati ya Bwaise na Busega, haujongei. Upande wa binti wamekaa hemani kwa adabu. Mimi nimezima kamera kabisa, kuokoa betri.

Saa saba. Likaingia gari la zawadi peke yake, lilikuwa limetangulia. Kreti za soda, sukari, vikapu vilivyofunikwa kwa tabaga, vifuniko vya kusukwa, za rangi za akina mama wa Bombo, kazi ya mikono inayostahili makala yake yenyewe. Nikawasha kamera, nikaanza kupiga zile tabaga. Na ndani ya gari lile akashuka baba mdogo wa bwana harusi, mwanajeshi mstaafu, kanzu imenyooshwa, Kiswahili cha kambini kimenyooka vilevile.

"Wewe binti. Mpiga picha yuko wapi?"

"Ni mimi, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Kamera iko wapi?"

Nikamwonyesha. Akaitazama, akanitazama mimi, akaitazama tena.

"Hiyo ya watalii. Sisi tumelipa kamera."

Nimeshayasikia haya mara nyingi, na kila mara yananichoma. Nikamweleza kwa upole kwamba hii ndiyo kamera ya kazi. Akaondoka. Baada ya dakika chache akarudi na simu sikioni, anamwambia bwana harusi, aliyekwama kwenye foleni kwa siku yake kubwa, kwamba mpiga picha amekuja na kamera ndogo. Bwana harusi akanipigia, maskini, sauti imechoka: "Dada, mzee anasema nini?" Nikamtuliza. Mzee akaenda kwa kijana wa video, ambaye mashine yake inakaa begani, akamwambia, mimi nikiwa nasikia, "Wewe ndiye utupigie na picha za kawaida." Yule kijana akainamisha kichwa kwa aibu. Mzee akarudi tena kwangu.

Hapo nikaomba kiti, nikakaa karibu naye, nikamweleza kama ningemweleza baba yangu. Kamera ya zamani, nikasema, mwanga unaingia kwenye lenzi, unagonga kioo kilicholala mshazari, unapanda juu hadi kwenye jicho lako. Ukibonyeza, kioo kinainuka, mwanga unapita kwenda kwenye sensa, na sensa ndiyo inayoshika picha. Hii wameondoa kile kioo na lile pembe la glasi la juu. Sensa inaona muda wote, na kinachoonwa na sensa naletewa kwenye skrini ndogo ndani ya kitundu.

"Kwa hiyo wamepunguza vitu na wewe umelipa zaidi."

Nikamwambia kilichopungua ni nafasi ya kioo. Kutoka pale lenzi inapofungwa hadi sensa ilikuwa milimita 44, sasa ni 20. Nikamvulia lenzi yangu, ambayo ni ileile ya kamera ya zamani, nikamwonyesha pete inayoiunganisha: unene wake milimita 24, tofauti kamili. Sensa yenyewe haikupungua hata kidogo, 36 kwa 24, sawa na ile kubwa. Na picha inayotoka ina nukta 5472 kwa 3648. Ya zamani? 5472 kwa 3648. Hapo mzee akanyamaza. Mwanajeshi anaheshimu namba.

"Na picha ya ukutani?"

"Sentimita 46 kwa 31 bila kuivuta hata kidogo, baba. Ukitaka kubwa zaidi inawezekana, utaitazama kwa mbali kidogo."

"Tutaona." Kisha akaniambia, kwa sauti ya kushauri sasa, niwatoe wasiwasi shemeji zake: ile 6D iliyomo mkobani kama akiba, niivae shingoni hata kama siitumii.

Sikuivaa. Najua wenzangu wanaofunga kishikio cha betri chini ya kamera ili ionekane nene mbele ya wateja, na siwalaumu, watoto wanakula. Lakini mimi niliacha ile kubwa pia kwa ajili ya shingo yangu. Kuning'iniza kamera mbili kuanzia asubuhi hadi usiku kumenipa maumivu ya bega yaliyonipeleka kwa daktari. Siwezi kuyabeba tena kwa ajili ya mapambo.

Saa tisa na nusu msafara ukafika, na kuanzia hapo sikutazama saa tena.

Wasemaji wa pande mbili wakaanza mabishano yao, makundi ya wasichana yakatoka kupiga magoti na kusalimia, na mimi nikawa nakimbia kwa magoti katikati ya mikeka. Sasa nieleze kwa nini nyuso ziliomba msaada. Wanaume wamevaa kanzu nyeupe, nyuso zetu ni nyeusi, na kila kamera duniani, ikiachiwa ijipimie mwanga yenyewe, huona ule weupe mwingi ikadhani mahali pamejaa mwanga, ikapunguza. Kanzu zinatoka vizuri, nyuso zinazama. Nimeona albamu za harusi za watu wetu ambamo shangazi na wajomba ni vivuli vyenye meno, na familia imelipia. Hilo ndilo lililonifanya nihame, kuliko jambo jingine lolote. Zamani nilipiga, nikatazama mgongoni mwa kamera, nikarekebisha, nikapiga tena, na tukio limepita. Sasa naona uso ulivyo ndani ya kitundu kabla sijabonyeza. Nafungua mwanga hadi ngozi ya bibi mzee iwe na joto lake, mikunjo yake, mng'ao wa paji la uso, na kanzu ikipauka kidogo kwa mwanga pembeni namwomba radhi mshonaji. Rangi ya hema vilevile, naipima kwa karatasi ya kijivu na kuona mara moja kama manjano imetoka kwenye mashavu.

Halafu ukaja wakati ambao unamaliza ubishi wa kamera kupiga zenyewe. Ssenga anatumwa akamtafute bwana harusi, aliyejificha katikati ya wenzake, wote kanzu, wote koti jeusi. Kamera hii inatambua macho ya watu na kuyafuata, nami naipenda kwa hilo, maana 6D ilikuwa na vituo 11 tu vya kulengea, vyote vimebanana katikati. Lakini weka mbele yake wanaume thelathini na ssenga anayetembea kwa madaha akiwapita mmoja mmoja, itachagua uso ulio karibu, au mkubwa, au mtoto aliyechungulia. Haijui nani anaoa. Haijui kwamba ssenga atamrukia mtu wa uongo kwanza ili watu wacheke. Mimi najua, kwa sababu nimewatazama ssenga wengi na bega la kulia huwasaliti. Nilihamisha alama kwa kidole hadi kwa kijana wa mstari wa pili, nikasubiri, na alipogeuka nikawa tayari. Picha ile ina mkono wa ssenga, macho ya bwana harusi, na nyuma kabisa, yule baba mdogo wa bwana harusi akicheka mdomo wazi.

Jogoo wa muko, kaka wa binti, zawadi zikipita vichwani mwa akina mama, tabaga zile tena, keki. Betri ya tatu. Magoti yangu yalikuwa mekundu kwa vumbi, na kila nilipotaka kubadilisha lenzi nilimwita mdogo wangu anikinge kwa kitambaa, kwa kuwa sensa ya kamera hizi iko karibu sana na mlango na vumbi la huku halina huruma.

Giza lilipoingia waliwasha jenereta na taa za LED, zile za bei nafuu zinazowaka na kufifia mara 100 kwa sekunde kwa umeme wetu wa hezi 50. Shata ya kimya hapo haifai, picha inatoka na mistari kama pundamilia. Nikarudi kwenye shata ya kawaida, sehemu ya mia ya sekunde, ISO 6400, yaani kamera imeongezewa sana wepesi wa kupokea mwanga, na kupiga hivyo hadi miguu ikakataa. Sahani ya pilau niliipata imepoa. Niliila nimesimama nyuma ya spika.

Mzee alinifuata wakati tunafunga mikoba. Nilimrushia picha moja kwenye simu kutoka kwenye kamera, ile anayocheka. Aliitazama muda mrefu, akaikuza kwa vidole, akampa mkewe naye aitazame. Hakusema kitu kuhusu ukubwa wa kamera, nami sikumkumbusha. Aliuliza nitazimaliza lini.

Nilifika Kawempe saa sita usiku imepita. Kamera inaandika kwenye kadi mbili kwa wakati mmoja, jambo ambalo 6D yenye kadi moja haikuwa nalo, lakini bado sikulala kabla sijanakili kila kitu kwenye diski ya nje. Kompyuta ilikuwa inahesabu, mdogo wangu ameshasinzia kwenye kochi na viatu miguuni. Jumapili ni kuchagua, Jumatatu hadi Alhamisi ni kurekebisha rangi, uso mmoja mmoja, maana manjano ya hema haikutoka yote. Ijumaa napeleka kuchapisha mjini, na ya mzee nimeiandikia sentimita 46 kwa 31.