Honister nimesukuma, Newlands nimepanda

Kibao cha barabarani pale Seatoller, kijiji kilicho chini ya mlima wa Honister huko Uingereza, kinaonya kwamba mlima ulio mbele una mwinuko wa asilimia 25. Yaani kila mita nne unazokwenda mbele, unapanda moja. Nilikisoma nikiwa juu ya baiskeli, nimesimama, mguu mmoja chini, natafuna tende. Shemeji akaniambia, "Shemeji, usitazame juu. Tazama mita mbili mbele ya tairi, basi."

Hadi hapo tulikuwa tumekwenda kilomita kama 13 kwa raha. Tulitoka Keswick, mji mdogo ulio katikati ya milima ya Lake District, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, saa mbili asubuhi, mwezi wa Mei. Ziwa Derwentwater lilikuwa kuliani kwetu, maji tuli, miti ya mialoni imeinamia barabara. Kisha bonde la Borrowdale likaanza kubana, mto ukatusogelea, na milima ikasimama pande zote mbili. Njia yetu ilikuwa duara: Borrowdale, kupanda Honister, kushuka hadi Buttermere, kupanda tena Newlands, kurudi Keswick. Kilomita kama 35 tu. Kwenye tambarare ningezimaliza kabla ya chai ya saa nne.

Mimi ni mtoto wa Lushoto, milima nimeikuta tangu nazaliwa. Lakini barabara ya Mombo hadi Lushoto inauzunguka mlima kwa kona nyingi, na kila kona inakupa pumzi. Hii ya Honister inaukabili mlima uso kwa uso. Tena kwetu baiskeli mlimani husukumwa. Unaipandisha kwa mikono, unaishusha na mzigo wa kabichi au viazi. Utotoni sikuwahi kumwona mtu mzima akipanda mlima kwa baiskeli kwa sababu tu anataka kuupanda. Shemeji, ambaye amekaa nchi hii miaka mingi, alinieleza habari hiyo mara nyingi na sikuielewa. Siku hiyo nilikwenda ili nielewe.

Mlima unaanza pale pale nyumba zinapoishia. Niliweka gia nyepesi kuliko zote nikadhani bado kuna nyingine. Hakuna. Ukikaa kwenye siti, tairi la mbele linataka kunyanyuka. Ukisimama kwenye pedeli, la nyuma linateleza kwenye lami yenye maji. Kwa hiyo unakaa ukingoni mwa siti, kifua kimelala juu ya hendeli, na unakanyaga polepole kama mtu anayetwanga. Moyo niliusikia masikioni. Shemeji alikuwa mbele yangu mita kumi, kisha ishirini, kisha nikaona mgongo wake tu kwenye kona.

Nilishuka. Nilishika breki zote mbili baiskeli isinirudishe nyuma, nikaanza kusukuma. Viatu vyangu vina chuma chini, cha kunasa kwenye pedeli, navyo vilinitelezesha kila hatua. Nilisukuma labda mita mia tatu, hadi mwinuko ulipolegea kidogo, nikapanda tena. Rasharasha ikaanza. Kondoo wa huku, wanaoitwa Herdwick, walikuwa kando ya barabara na watoto wao. Watoto huzaliwa weusi, kisha hugeuka kijivu kadiri wanavyokua, na wale walinitazama bila kusogea.

Juu kabisa, mita 356 kutoka usawa wa bahari, pana machimbo ya mawe ya kuezekea nyumba, ya rangi ya kijani iliyochanganyika na kijivu. Mvua ya pale si ya mchezo. Tarehe 5 Desemba 2015, wakati wa kimbunga Desmond, kipimo cha Honister kilikusanya milimita 341.4 ndani ya saa 24, na ilikuwa rekodi ya Uingereza. Hiyo ni karibu theluthi moja ya mvua ya mwaka mzima Dar es Salaam, imemwagika kwa siku moja. Nikiwa nimesimama pale na koti limelowa, nilifikiria maji yale yote yakiteremka kwenye mabonde haya membamba, nikaogopa.

Kushuka ndiko kulikonitisha zaidi. Vidole vilikufa ganzi kwa baridi, na upande ule nao ni mkali, mawe makubwa huku na huku, kijito kando ya barabara. Nilibana breki na kuachia, nikibana na kuachia, huku nikiomba kondoo wasivuke. Nilipofika ziwa la Buttermere viganja viliniuma kuliko miguu.

Tulikaa kwenye ukuta wa mawe tukala chapati na mayai. Kutoka Buttermere unaweza kufuata bonde kuelekea Lorton na kuzunguka mbali, ukiukwepa mlima wa Newlands. Shemeji aliniambia hivyo kwa upole, bila kunitazama, ili nisijisikie vibaya. Nikamwambia, "Tupande."

Barabara inapita kando ya kanisa dogo la mawe, halafu inaanza. Safari hii sikuanza kwa pupa. Nilihesabu mikanyago: ishirini, kisha ishirini nyingine. Sehemu ya mwisho ilinifanya niyumbe barabara nzima kushoto na kulia, na mate yalinikauka. Lakini sikuweka mguu chini. Kule juu, mita 333, maporomoko ya Moss Force yalikuwa yanashuka kwenye mwamba, meupe, na upepo ukatupiga usoni. Nililia kidogo. Shemeji alinishika bega, hakusema kitu, na nilielewa kile alichokuwa akinieleza miaka yote ile.

Bonde la Newlands lilitushusha taratibu, kuta za mawe kila upande, hadi Portinscale na kisha Keswick. Tulipofika sokoni simu ya shemeji ikalia. Alikuwa mke wangu, dada yake, anataka kujua kama tumefika salama. Nikapewa simu.

"Umesukuma?" akauliza.

"Honister nimesukuma," nikamjibu. "Newlands nimepanda."