Nge wa Kaskazini katika Makorongo ya Medicine Hat

Niliondoka Calgary, magharibi mwa Kanada, mchana wa Jumamosi moja ya mwezi wa Agosti, nikielekea mashariki kwa barabara kuu namba 1, na katika buti ya gari nilikuwa na viatu virefu vya ngozi, dumu la maji, na tochi ndogo ya mwanga wa urujuanimno, ule ambao macho yetu karibu hayauoni, niliyoinunua kwa kazi moja tu: kutafuta nge. Kwa mtu aliyezaliwa Kondoa, Tanzania, kusafiri karibu kilomita 300 kwa hiari yake ili aonane na nge ni jambo linalohitaji maelezo. Kwetu nge hatafutwi; hujileta mwenyewe, chini ya mtungi, katikati ya kuni, ndani ya kiatu kilichoachwa mlangoni, na bibi yangu hakumruhusu mtoto yeyote kuvaa kiatu kabla ya kukikung'uta mara tatu. Nilipohamia Kanada niliiacha desturi hiyo mapema, kwa kuamini kwamba nchi ambayo maji ya ndoo hugeuka jiwe kwa usiku mmoja haiwezi kuwa na nge.

Kumbe inaye, tena wa aina moja tu aliye wa asili ya huko. Jina lake la kisayansi ni Paruroctonus boreus, na alielezwa kwa mara ya kwanza katika maandishi ya kisayansi na mtaalamu wa wanyama Charles Girard mwaka 1854. Hilo neno la pili maana yake ni "wa kaskazini". Anapatikana kuanzia majangwa ya Nevada nchini Marekani hadi kusini mwa Alberta, Saskatchewan na British Columbia, na hakuna nge mwingine katika Amerika ya Kaskazini anayeishi kaskazini kumpita yeye.

Nilisimama Brooks kunywa chai. Mji huo una kiwanda kikubwa cha nyama kilichovuta wafanyakazi kutoka pande nyingi za dunia, wakiwamo watu wengi wa Afrika Mashariki na Kongo, na si ajabu kusikia Kiswahili dukani. Mzee mmoja mwenye asili ya Bukavu, tuliyekaa naye meza moja, aliniuliza niendako. Nilipomweleza alishusha kikombe, akanitazama kama anayepima akili zangu. "Ndugu, nge iko huku? Na hii baridi yote?" Nilimwahidi kwamba nikirudi nitamletea picha.

Medicine Hat imejengwa kando ya mto South Saskatchewan, na vijito vinavyoingia katika mto huo vimechimba makorongo marefu yenye kingo zilizoinamia. Mwenyeji wangu, mwalimu mstaafu aliyewatazama nge hao kwa miaka mingi, alinishusha katika korongo la kijito cha Seven Persons kabla giza halijaingia, maana alitaka kwanza nione mahali, ndipo nione mnyama. Ukisimama chini ya korongo unaona kingo mbili ambazo hazifanani hata kidogo. Ule unaotazama kaskazini una vichaka vya kijani na nyasi ndefu. Ule unaotazama kusini uko karibu uchi: udongo uliopasuka, mawe, vichaka vya kijivu vinavyonukia ukivisugua, na mipungate mifupi iliyolala chini kwa miiba yake. Sisi tuliozaliwa karibu na ikweta hatuzoei kufikiri hivyo, kwa sababu jua letu hupita utosini. Lakini huku mwaka mzima jua la adhuhuri liko upande wa kusini, na wakati wa baridi jua husafiri chini kabisa karibu na upeo wa macho, kwa hiyo ukingo unaolielekea hupata joto ambalo mwenzake, umbali wa kutupa jiwe, haupati kamwe.

Hapo ndipo nilipoelewa kosa langu la miaka yote. Nilikuwa nikidhani kwamba nge wa nchi ya baridi lazima awe na mwili wa ajabu unaoshindana na barafu, wakati uhodari wake mkubwa ni wa kuchagua nyumba. Medicine Hat joto la kiangazi hukaribia nyuzi 40, na katika Januari hushuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri na zaidi. Nge huyu hakai juu ya ardhi kulipokea hilo. Huingia katika nyufa za ukingo unaotazama kusini, chini zaidi ya pale baridi kali inapofika, akatulia. Mwili wa nge hutumia nguvu kidogo mno, hata anaweza kukaa miezi bila kula, na uwezo huo ambao nge wa jangwani huutumia kuvumilia ukame, huyu huutumia kuvumilia majira ya baridi.

Tulisubiri giza, na kusubiri huko kulinichekesha peke yangu, kwani saa mbili usiku jua lilikuwa bado linawaka, nami nikajiuliza usiku gani huo. Tulikuwa tumechagua siku ambazo mwezi haujaandama. Ilipofika saa nne na nusu mwenyeji wangu alinikumbusha kutazama ninapokanyaga, kwa kuwa makorongo hayo yana pia nyoka mwenye njuga mkiani, kisha akasema niwashe tochi.

Kwa dakika kumi sikuona kitu ila mwanga hafifu wa zambarau juu ya udongo. Halafu, karibu na mguu wangu, kikang'aa kitu cha rangi ya kijani na samawati, chenye magando mawili yaliyofunguliwa, kimetulia kama pambo lililodondoka. Gamba la nge lina kemikali zinazopokea mwanga wa urujuanimno na kuurudisha kama mwanga tunaouona. Nge aliyejivua gamba punde hang'ai, mpaka gamba jipya likomae. Nilipowasha tochi ya kawaida, pambo likatoweka, akabaki mdudu wa rangi ya mchanga, mwenye mabaka ya kahawia mgongoni, urefu wake hauzidi sentimita nne. Nge weusi wa kwetu wangemwona mtoto. Mwiba wake, nilivyoambiwa, huuma kwa kadiri ya nyuki, ingawa sikuona haja ya kuthibitisha.

Tulipata tisa usiku ule, wote kwenye ukingo unaotazama kusini, wengi wakiwa kwenye midomo ya nyufa zao wakingoja wadudu wapite. Mmoja alikuwa amemkamata buibui. Wa tisa ndiye niliyekaa naye muda mrefu zaidi: jike lililobeba watoto mgongoni, weupe kama punje za mchele, wakiwa wamepandana tabaka kwa tabaka, na niliacha kuwahesabu nilipofika ishirini. Nge hutaga mayai? Hapana, huzaa, na watoto hupanda mgongoni kwa mama yao wakakaa hapo mpaka wajivue gamba la kwanza. Nilipiga picha moja, nikazima tochi ili asisumbuke.

Kesho yake, katika chumba cha kulala wageni, nilikung'uta viatu vyangu mara tatu bila kujijua.

Mzee wa Bukavu nilimkuta Brooks kwenye meza ileile. Aliishika simu yangu mbali na macho, akaitazama picha, akacheka. "Hii ni mutoto," alisema. "Mama yake iko wapi?" Nikaikuza picha kwa vidole viwili, mpaka mgongo wa yule nge ukajaa kioo kizima, nikamrudishia simu.