Gramu 44: siku moja ya mnunuzi wa chupa

Nikimwambia mtu kwamba nafanya kazi ya manunuzi kiwandani, hunitazama mkononi kwanza, labda nimevaa saa ya bei mbaya. Kwa wengi mnunuzi ni mtu wa asilimia kumi, yaani mla rushwa. Kiwandani nako nina jina jingine: chumba cha mashine wananiita Mfunga Karakana. Hawajawahi kuniita hivyo usoni, ila nalijua.

Tunatengeneza sabuni ya maji, Dar es Salaam, si mbali na Barabara ya Nyerere. Miaka yote chupa tulipuliza wenyewe: mashine inapuliza hewa ndani ya plastiki iliyoyeyuka mpaka inakuwa chupa. Sasa wakubwa wameamua basi. Mashine zimechakaa, na umeme ukikatika plastiki iliyoyeyuka inaungulia ndani ya silinda, fundi anabaki kuisukuma nje mpaka ile nyeusi iishe yote. Tununue chupa, sisi tubaki na sabuni yetu. Kazi ya kutuhamisha kutoka huku kwenda kule nimepewa mimi. Mashine tatu zimeshazimwa, mbili bado zinanguruma. Hii ni siku yangu ya jana.

Saa 10:45 alfajiri. Kuamka, maji, chai ya haraka, daladala ya kutoka Gongo la Mboto. Nimesimama njia nzima.

Saa 1:20. Kabla ya kufungua ofisi napita stoo. Zimebaki chupa 7,000 za lita moja. Laini ya kujazia inameza chupa 40 kwa dakika, kwa hiyo ikianza saa 2 itakuwa imezimaliza saa 5 kasoro. Fuso la msambazaji wetu wa chupa lilikuwa lifike saa 1:30. Nampigia dereva. "Niko hapa Tazara, dada." Nimeshajifunza: dereva akisema yuko Tazara, ujue ndiyo kwanza anafunga turubai.

Hapa nieleze kitu ambacho hata bosi wangu kilimchukua miezi kukikubali. Chupa tupu ni hewa. Fuso moja likijaa mpaka juu linabeba chupa kama 15,000. Kila moja ina gramu 50, kwa hiyo mzigo mzima ni kilo 750. Gari la tani kadhaa linakuja na kilo 750! Zamani plastiki hiyohiyo iliingia hapa ikiwa punje, mifuko 30 ya kilo 25, ikapangwa kona moja ya stoo na nafasi ikabaki. Msambazaji alipotuletea bei, kila mtu mezani alitabasamu, maana ilikuwa chini ya gharama yetu. Tabasamu likapungua nilipoongeza nauli ya hewa, sehemu ya kuihifadhi hewa, na vibarua wa kuipakua hewa. Bado inalipa kununua, nilipiga hesabu mara tatu. Lakini inalipa kidogo, na hicho kidogo kinapotea kwa mzigo mmoja mbaya.

Saa 2 mpaka saa 4. Barua pepe, ankara mbili zisizo na risiti, kikao cha dakika kumi kilichochukua arobaini.

Saa 4:25. Fuso limefika. Namwita Babu.

Babu ndiye fundi mkuu wa chumba cha mashine, ana miaka 19 hapa. Wakati nimeanza kuandika vipimo vya chupa ili viingie kwenye mkataba, nilimfuata na daftari nikamuuliza chupa yetu ina uzito gani. Akaichukua moja, akaipima kwa kiganja, akasema, "Uzito wa kutosha." Ukuta wake una unene gani? "Unaotakiwa." Sikumcheka. Kiwanda kizima kilikuwa kinaendeshwa na kile kiganja, na hakuna karatasi hata moja iliyoandikwa. Unapotengeneza mwenyewe huhitaji kuandika, fundi akiona mambo yameharibika anageuza kitufe. Ukianza kununua, kitu ambacho hukukiandika hukukinunua. Ilinichukua wiki tatu nikiwa na mizani na kalamu nyuma ya Babu. Ni yeye pia aliyenifundisha kwamba sabuni inaitafuna plastiki isiyo ya daraja lake: chupa inatoka nzuri, inakaa dukani wiki kadhaa, halafu inapasuka mstari kwenye kona ya kitako na hakuna aliyeigusa.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba mwanangu. Leta tuone."

Tukachukua chupa 20 kutoka mifuko tofauti, za juu, za katikati, za chini. Mkataba unasema gramu 50, isiwepo hata moja chini ya 48. Ya kwanza 44. Ya pili 44. Ya tatu 43. Babu akaacha kutazama mizani, akawa anabonyeza tu kwa kidole gumba na kuziweka pembeni. Zote.

Moldi, ile kalibu inayoipa chupa umbo, ni yetu, tuliwaazima wao, kwa hiyo umbo ni lilelile na shingo ni ileile. Ukiiweka kabatini karibu na ya zamani hutaona tofauti. Kilichopunguzwa ni ukuta.

Nikampigia msambazaji.

"Dada yangu, habari za asubuhi! Mzigo umefika?"

"Umefika. Una gramu 44."

Kimya kidogo. "Aah, dada, gramu sita kitu gani? Hiyo ni mizani yenu tu."

Nikamwambia azidishe. Gramu sita mara 15,000 ni kilo 90, karibu mifuko minne ya malighafi imebaki kwake na bei yangu ni ileile. Akacheka, kile kicheko cha mtu anayetafuta maneno. Akasema malighafi imepanda, dola imepanda. Akasema wateja wengine wanachukua hizihizi wala hawalalamiki. Akasema sisi ni ndugu. Halafu akashusha sauti: "Tunaweza kuongea vizuri, dada, wewe niambie tu." Hapo ndipo ile asilimia kumi wanayoisema watu inapoishi, kwenye hiyo "kuongea vizuri". Nikamwambia tuongee kwa barua pepe.

Wakati huo meneja uzalishaji ameshasimama nyuma yangu, mikono kiunoni. Laini imebakiza chupa za dakika kumi. "Pokea, tutagombana nao baadaye." Namwelewa. Laini ikisimama, anayeulizwa ni yeye. Nikaomba hizo dakika kumi. Tukajaza maji chupa za boksi nne, tukazifunga, tukapanga boksi juu ya boksi kama zinavyopangwa kwa wenye maduka ya jumla Kariakoo. Hatukusubiri sana. Boksi la chini likaanza kuinama kama mlevi anayetafuta ukuta, chupa zikabonyea kiunoni, mfuniko mmoja ukaruka na maji yakaingia kwenye viatu vya meneja.

Fuso likarudishwa na mzigo wake. Saa 5 kasoro laini ikasimama.

Sikula mchana. Nilichokifanya mpaka saa 9 sikumbuki kwa mpangilio. Laini ikahamishiwa madumu ya lita 5, ambayo bado tunapuliza wenyewe, na kubadilisha laini si kugeuza swichi, kwa hiyo maneno niliyoyasikia sitayaandika hapa. Mkurugenzi alipiga simu mara mbili. Ya kwanza aliuliza kwa nini nimerudisha gari. Ya pili aliuliza swali lilelile kwa sauti ya chini zaidi, na hiyo ndiyo mbaya.

Kisha Babu akaja mlangoni, kofia mkononi. Moldi ya zamani ya lita moja, niliyoandika kwenye orodha iuzwe kama chuma chakavu, hakuitoa. Ipo chini ya meza yake, imepakwa grisi. Akitoa ile ya nusu lita kwenye mashine akaifunga hii, usiku atapuliza. Mashine moja haiwezi kuilisha laini, ila asubuhi tutakuwa na pa kuanzia. Nikamuuliza kwa nini hakuitoa.

"Uliandika iuzwe," akasema. "Hukuandika lini."

Jioni, sijui ni saa 10 au 11, ulikuwa ule mkutano wa kupunguza wafanyakazi. Sikutakiwa kuongea, nilikaa kwa ajili ya kujibu maswali ya ratiba. Mtu wa rasilimali watu alisoma sheria: kiinua mgongo ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, na miaka inayohesabiwa haizidi 10. Babu akanyoosha mkono taratibu. "Mimi nina 19. Hiyo tisa nilikuwa nacheza?" Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti wa tawi la chama cha wafanyakazi akasema kampuni hairuhusiwi kutoa chini ya hapo, lakini haikatazwi kutoa zaidi. Wakaahirisha mpaka Jumatano.

Nimeshaandika pendekezo kwamba Babu na wenzake wawili wabaki kama wakaguzi wa chupa zinazoingia. Liko mezani kwa mkurugenzi tangu wiki iliyopita. Baada ya siku kama ya jana sijui kama litapita haraka au halitapita kabisa.

Nilifika nyumbani saa 3 usiku, mguu umevimba. Mwanangu ameshalala. Niko na sahani ya wali uliopoa, simu ikaita ujumbe. Msambazaji: "Dada pole kwa usumbufu. Gari jingine litafika kesho saa 1 kamili, mzigo mzuri kabisa."

Nikamjibu: "Gramu ngapi?"

Tiki mbili za bluu. Mpaka naandika hapa hajajibu.