Kabla ya Mabango, Tuliomba Hesabu

Mstari wenyewe ulikuwa mmoja tu, umefichwa kwenye viambatisho vya bajeti kati ya taa za barabarani na matengenezo ya makaburi: makumbusho yetu yafungwe mwisho wa mwaka wa fedha. Pembeni yake tarakimu moja, chini ya safu ya "akiba". Aliyeuona ni mwalimu mstaafu, mtu anayesoma nyaraka za halmashauri kama wengine wasomavyo matokeo ya mpira.

Jioni ile ile kikundi chetu cha kuyatetea makumbusho kikajaa watu. Mabango, maandamano, fomu za saini, kila mmoja na lake. Sikupinga, diwani huhesabu kura hata akiwa usingizini. Ila niliomba jambo moja litangulie: tupate mchanganuo wa hiyo akiba. Wakanung'unika kwamba hiyo ni kazi ya wahasibu. Nikasema basi na tuwe wahasibu.

Mchanganuo ulipofika, ulikuwa umehesabu mishahara, umeme na maji, basi. Kana kwamba mlango ukishatiwa kufuli vilivyomo ndani vinayeyuka. Mbao hupasuka hewa ikikauka mno. Unyevu ukizidi, chuma hushika kutu na karatasi huota ukungu, ndiyo maana makumbusho mengi hujitahidi kuuweka kati ya asilimia 40 na 60. Nondo hawaendi likizo. Paa linavuja vilevile, na bima ya jengo lisilo na watu mara nyingi ni ghali zaidi. Tulipojumlisha ulinzi, bima, matengenezo na gharama ya kuhamishia vitu ghalani, ile akiba ilinyauka mbele ya macho ya mweka hazina, naye hakuikanusha hesabu yetu.

Swali lililowatoa jasho, hata hivyo, lilikuwa jingine: vitu hivi ni vya nani?

Tuliomba kuiona rejista. Mhifadhi, yaani mtunzaji wa vitu vya makumbusho, ni mwajiriwa wa halmashauri, hakuruhusiwa kusimama upande wetu, kwa hiyo alituwekea meza na taa nzuri akaendelea na shughuli zake. Humo kila kitu kina namba, tarehe kilipoingia na jina la aliyekileta. Vingine vilinunuliwa. Vingine ni zawadi, na baadhi ya hati za zawadi zina masharti: kisiuzwe, kionyeshwe kwa umma. Vingine viliazimwa tu. Ile mashine ya kuchapia ya mkono, ambayo watoto hugombania kushika mpini wake (nami, niseme ukweli, ndiyo niliyokuwa naipigania kuliko vyote), si mali ya halmashauri hata kidogo. Kufunga kungewalazimu kuwasaka warithi wa kila mwazimishaji, familia moja baada ya nyingine, na kuwarudishia chao. Hakuna aliyekuwa amelifikiria hilo.

Mimi nilihofia mnada. Julai 2014 halmashauri ya Northampton, Uingereza, iliuza sanamu ya Sekhemka, ya Misri ya kale, kwa zaidi ya pauni milioni 15. Mwezi uliofuata Arts Council England, baraza la sanaa la huko, ikayafutia makumbusho ya mji huo ithibati, yaani kutambuliwa rasmi, na pamoja nayo milango mingi ya ruzuku. Ni kweli fedha za mnada zilisaidia kupanua jengo lao. Lakini sanamu iliondoka mikononi mwa umma. Nilimsimulia diwani mmoja kisa hicho nje ya ukumbi. "Mheshimiwa, baada ya hapo nani atatukabidhi tena kitu cha babu yake?" Akasema hawana nia ya kuuza chochote. Nikamwomba ayarudie maneno hayo ndani, yaandikwe kwenye muhtasari wa kikao. Akayarudia.

Detroit, Marekani, walikuwa pabaya kuliko sisi. Jiji lilifilisika 2013, na kwa kuwa kazi za sanaa za Detroit Institute of Arts, makumbusho ya sanaa ya huko, zilikuwa mali ya jiji, wadai wakazikodolea macho. Zilinusurika kwa ahadi za zaidi ya dola milioni 800 kutoka kwa wakfu, serikali ya jimbo na makumbusho yenyewe, kisha umiliki ukahamishiwa kwa shirika lisilo la faida. Tangu niliposoma habari hiyo naamini umiliki ndio kiini cha jambo zima. Machozi kwenye kipaza sauti yanasaidia dakika tatu ulizopewa kusema.

Kufunga kumeahirishwa. Pendekezo jipya ni kwamba wananchi tuyapange na kuyaendesha wenyewe, kwa kodi ya pango ndogo ya mfano tu. Wenzangu walishangilia, mimi nilikwenda moja kwa moja kwenye kifungu cha matengenezo, nikakuta kutengeneza paa ni jukumu la mpangaji, yaani sisi. Wajitolea wanaweza kupokea wageni na kufuta vumbi. Hawawezi kuezeka jengo kwa michango ya harambee, wala kufanya kazi ya mhifadhi aliyesomea fani yake.

Rasimu tumeirudisha na nyongeza mbili: paa libaki kwa halmashauri, na mshahara wa mhifadhi uendelee kulipwa kwa miaka mitano. Kuhusu paa wamekubali. Kuhusu mhifadhi wanasema "suala linaangaliwa", kwa hiyo nimeshaandikisha jina langu kuzungumza kwenye kikao kijacho, na mwalimu mstaafu ameandikisha lake.