Canter inapiga starta lakini haiwaki: anza kwenye ekzosi

Mtu apige starta kwa sekunde 10, wewe angalia ekzosi. Ikitoa moshi mweupe, dizeli inafika kwenye silinda ila haiungui: shuku hita za kuwashia, kompresheni (mgandamizo wa hewa kwenye silinda) au taimingi (muda wa dizeli kupulizwa). Pima betri starta ikizunguka. Kwenye mfumo wa volti 24, ikishuka chini ya 19, injini itazunguka kivivu na hewa haitapata joto la kuwasha dizeli.

Pasipo moshi kabisa, dizeli haifiki. Hapa ndipo watu wengi hukimbilia kufungua pampu, na ni hasara tupu. Hakikisha kwanza tangi lina mafuta na wenzo wa kuzimia injini pale kwenye pampu umerudi. Wenzo huo ukikwama, dizeli imekatwa. Kisha legeza skrubu ya kutolea upepo juu ya filta, sukuma pampu ya mkono. Mapovu yasiyoisha maana yake hewa inaingia kabla ya pampu: bomba lililopasuka, washa (kipete cha kuziba kwenye maungio) iliyochoka, au filta isiyokaza. Povu likikatika, kaza skrubu huku dizeli ikitoka.

Bado? Kwa spana namba 17 legeza nati ya bomba kwenye nozeli (kinachopuliza dizeli kwenye silinda) nusu mzunguko, piga starta. Dizeli iruke kwa mipigo. Mikono na macho yakae mbali, maana inapenya ngozi.

Injini za komoni reli (nozeli zote hulishwa na bomba moja la presha kubwa) usilegeze nati hizo kamwe! Presha yake hupita baa 1,000. Hizo zipimwe kwa mashine ya kusomea hitilafu.