Kutoka Parma hadi Langhirano: meloni na paja la chumvi

Julai jua la Parma, mji wa kaskazini mwa Italia, halina huruma, kwa hiyo basi la kwenda Langhirano nililipanda mapema asubuhi. Mji huu uko kusini, bonde linapoanza kupanda kuelekea milima ya Apennini. Maghala ya prosciutto, yaani paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi, unayatambua kwa madirisha yake marefu na membamba. Hufunguliwa ili upepo upite katikati ya mapaja ya nguruwe yaliyotundikwa.

Kinachotiwa kukausha nyama ni chumvi tu. Ngozi hupakwa yenye unyevu, mnofu hupakwa kavu. Paja hukaa kwenye baridi kama wiki moja, hufutwa, hupakwa tena kidogo, kisha hukaa wiki mbili hadi tatu zaidi. Chumvi ikizidi, nyama huuma ulimi. Ikipungua, huharibika karibu na mfupa. Baadaye mnofu ulio wazi hupakwa mafuta ya nguruwe yaliyokandwa na unga wa mchele, usije ukafanya ganda gumu nje huku ndani kungali kubichi. Muhuri wa taji la ncha tano, alama ya prosciutto ya Parma, haupigwi kabla ya miezi 14.

Kabla ya muhuri, mkaguzi alichoma paja kwa sindano ya mfupa wa farasi, akainusa, akachoma pengine. Mfupa huo una vitundu: hushika harufu upesi na kuiachia upesi, hivyo tundu la pili halichanganywi na la kwanza.

Mchana, sokoni Parma, nilitafuta meloni za kula na prosciutto, zile za Mantova zenye mnofu wa rangi ya chungwa. Chukua lililo zito mkononi, linalonukia kitakoni, lenye ufa mwembamba kuzunguka kikonyo. Lisilonukia liache, chumvi hailiokoi.

Watu wanne wanatosheka na meloni moja la kilo moja na robo, na gramu 200 za prosciutto. Litoe frijini nusu saa kabla, maana baridi kali huua harufu. Likate vipande vinane, menya. Prosciutto ikatwe siku hiyohiyo, nyembamba hadi kidole kionekane upande wa pili, na ule ukingo mweupe wa mafuta usiutoe kabisa: ndio unaotuliza chumvi.

Wengi huviringisha nyama kwenye tunda mapema, na hapo ndipo wanapoharibu. Chumvi huvuta maji ya meloni, nyama inateleza, sahani inajaa majimaji. Viweke kandokando, vikutane kwenye uma. Asiyekula nguruwe atumie bresaola, nyama ya ng'ombe iliyokaushwa kwa chumvi, kutoka bonde la Valtellina, na kwa kuwa haina mafuta mengi, aidondoshee mafuta ya zeituni.